Uwanja Usigeuzwe Kiwanja

Limeenea fundisho katika miji mingi ya dunia, nalo huhubiriwa kwa upole na watu wenye ramani mikononi: kwamba ardhi isiyoingiza fedha ni ardhi iliyolala. Kwa mujibu wa fundisho hilo, bustani ya umma ambamo watu huingia bure, wakakaa bure na kutoka bure, ni kasoro inayongoja kurekebishwa. Mhubiri wake hasemi kwamba ataipora bustani, husema ataiendeleza. Hivyo ndivyo neno la heri linavyotumwa kazi ya shari.

Fundisho hilo lina makosa mawili. La kwanza ni la hesabu, kwani huhesabu kinacholipwa mlangoni na kusahau kinachopatikana ndani. La pili ni la haki, kwani hudhani kwamba kitu kisichokuwa na mwenyewe mmoja hakina wenyewe. Makosa yote mawili yanafaa kujibiwa, na ajabu ni kwamba jibu mojawapo lililo bora limetolewa na mchezo ambao watu wengi wazima wakiuona kwa mara ya kwanza huucheka: mchezo wa kurusha visahani vya plastiki katikati ya miti ya bustani, hadi vikaingie kwenye kikapu.

Kabla ya kuufikia mchezo huo, lugha isikilizwe kwanza. Kiswahili kina neno uwanja, na kina neno kiwanja. Shina la maneno haya ni moja. Uwanja ni mahali peupe mbele ya nyumba au katikati ya mji. Ndipo panapochezwa ngoma, panaposaliwa Idi, panapoanikwa nafaka, na watoto wakapigia mbio zao jioni. Kiwanja nacho huweza kuwa cha mpira, na hapo hakina ubaya. Lakini neno hilo hilo likitoka kinywani mwa dalali huwa na maana nyingine kabisa: kipande kilichopimwa, chenye namba, mawe ya mpaka na bei. Uwanja haumaliziki siku moja. Hupunguzwa kiwanja kwa kiwanja, na kila anayepunguza husema kipande chake ni kidogo. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na hawakuwa wakizungumza habari za magogo peke yake.

Sasa mfano wenyewe. Katika jimbo la California, mpakani mwa miji ya Pasadena na La Cañada Flintridge, ambapo milima ya San Gabriel hushuka kukutana na bonde la Arroyo Seco, pana bustani yenye mialoni ya kale. Sehemu hiyo ilikuwa ya watu wa Tongva kabla ya kuja Wahispania, na jina lao la hapo, Hahamongna, ndilo ambalo bustani imerejeshewa. Mwaka 1920 lilikamilika hapo bwawa la Devil's Gate la kuzuia mafuriko. Kando yake ilikuja kusimama maabara ya JPL, inayotengeneza vyombo vya kwenda kwenye sayari nyingine. Kwa miaka mingi bustani hiyo ilijulikana kwa jina la Oak Grove, na ni kwa jina hilo ndipo mwaka 1975 Ed Headrick, mtu aliyefanya kazi katika kampuni ya vichezeo ya Wham-O, alipoweka humo uwanja unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa kudumu wa gofu ya visahani.

Mchezo wenyewe hauna siri. Mchezaji hushika kisahani chenye uzito wa gramu 150 hadi 180 hivi, akasimama mahali pa kuanzia, akakirusha kuelekea kikapu cha chuma kilichosimama juu ya nguzo na kuzungukwa na minyororo inayoning'inia. Pale kisahani kinapoangukia, ndipo panapoanzia mtupo unaofuata. Aliye mbali zaidi na kikapu hutupa mwanzo. Kwa kawaida vikapu ni 18, au 9 pale ardhi ilipo haba, na mwenye mitupo michache mwisho wa safari ndiye mshindi. Hapo mwanzo wachezaji walilenga miti na nguzo tupu, na ubishi ukawa hauishi: huyu asema kimegusa, yule asema kimepita. Headrick akabuni kikapu chenye minyororo ya kukikamata kisahani, akapewa hataza yake mwaka 1977. Tangu hapo ubishi ukakatwa, kwa kuwa kisahani ama kimo kikapuni ama hakimo.

Lililo kubwa katika habari hii ni lile ambalo mchezo haukulihitaji. Haukuhitaji kusawazisha vilima wala kufukia mabonde. Haukuhitaji nyasi za kigeni zinazonyweshwa kila alfajiri katika nchi yenye kiu kama ile ya California ya kusini. Haukuhitaji ukuta, mlango, bawabu, wala jumba la wanachama. Uwanja wa gofu ya mpira wenye mashimo 18 kwa kawaida humeza ekari 100 hadi 200, na ekari hizo hazibaki na kazi nyingine, kwani mpira mgumu unaokwenda kasi hauwezi kushirikiana na mama aliyetandika mkeka. Uwanja wa visahani wenye vikapu 18 huweza kutosha katika ekari ishirini, nazo zikabaki na njia zake, vivuli vyake na watu wake. Mti unaomsumbua mpangaji wa uwanja wa gofu ndio unaotafutwa na mpangaji wa uwanja wa visahani, kwa kuwa bila miti hakuna kona ya kuipinda mitupo wala fumbo la kufumbua. Mchezo uliingia Oak Grove ukaikuta ardhi ilivyo, ukaifuata.

Wala tabia hiyo haikuzuka kwa bahati. Mchezo huu ulizaliwa katika uhaba wa vifaa. Mwaka 1926, katika kijiji cha Bladworth, mkoa wa Saskatchewan nchini Canada, wanafunzi wa shule walichora maduara kwenye mchanga wa uwanja wa shule yao wakashindana kuyatupia vifuniko vya mabati. Katika jimbo la Connecticut, vijana walirushiana sahani za bati zilizotoka kwenye kiwanda cha kuoka cha Frisbie cha mjini Bridgeport, na jina la kiwanda likaanza kuruka pamoja na sahani. Kampuni ya Wham-O ilikuja baadaye, ikanunua mwaka 1957 umbo la sahani ya plastiki lililobuniwa na Walter Frederick Morrison. Headrick akaliboresha, akapewa hataza mwaka 1967. Basi kabla ya hataza na alama za biashara palikuwa na mtoto, kifuniko na mahali peupe. Mtoto yeyote wa pwani aliyecheza mpira wa matambara anaifahamu nasaba hiyo bila kufundishwa.

Gofu iliyoupa mchezo huu jina ina nasaba nyingine. Kiswahili kiliipokea kwa neno gofu, ambalo tayari lilikuwa na maana ya jengo lililobomoka na kuachwa na watu. Anayeyajua magofu ya Kilwa na Gedi ataona kwamba maneno hayo mawili yamekutana kwa sauti tu. Hata hivyo, kukutana kwao kuna mafunzo. Uwanja mkubwa wa gofu katikati ya mji wenye msongamano nao umehamwa kwa namna yake: watu wachache sana ndani, watu wengi sana nje. Tena waliokuwa ndani walichaguliwa. Nchini Marekani chama cha wachezaji wa kulipwa wa gofu, PGA, kilikuwa na kifungu katika katiba yake, tangu 1934 hadi 1961, kilichowaruhusu wazungu peke yao kuwa wanachama. Klabu ya Augusta National huko Georgia haikumpokea mwanachama mweusi wa kwanza hadi 1990, wala mwanamke hadi 2012. Na katika Afrika Mashariki, klabu za gofu ziliingia pamoja na utawala wa kikoloni. Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba mfuko wa fimbo za mwingine.

Haitoshi, hata hivyo, kuilaumu gofu na kuusifu umma, kwani bustani ya umma nayo imewahi kufungwa milango. Pasadena yenyewe ni shahidi. Katika bustani ya jiji ya Brookside lilifunguliwa mwaka 1914 bwawa la kuogelea, na kwa miaka mingi Wamarekani weusi, pamoja na wengine wasiohesabiwa kuwa wazungu, waliruhusiwa kuingia humo siku moja tu kwa wiki. Chama cha kutetea haki za weusi, NAACP, kikalipeleka shauri hilo mahakamani, na jiji lilipobanwa likaona afadhali kulifunga bwawa kuliko kulifungua kwa wote. Halikufunguliwa kwa kila mtu hadi mwaka 1947. Mwaka huo huo Jackie Robinson, kijana aliyekulia Pasadena, aliingia ligi kuu ya besiboli akiwa mweusi wa kwanza kufanya hivyo katika karne ya 20. Jiji lililomlea mwanamichezo huyo halikumpa siku saba za kuogelea. Kwa hiyo neno "umma" likiandikwa kwenye ubao wa bustani si dhamana ya lolote. Dhamana ni mlango ulio wazi kila siku, na watu wanaoutumia kila siku.

Hapo ndipo wale wenye ramani wanapoleta hoja yao ya kwanza: bustani ina gharama, na mchezo wa bure hauleti pato. Na wajibiwe. Kusimamisha vikapu 18 na kutengeneza mahali pa kuanzia ni gharama ndogo sana ikilinganishwa na kujenga uwanja wa mpira wa miguu wenye majukwaa, seuze uwanja wa gofu. Kisahani kimoja huwatosha maskini na tajiri, na kikitunzwa hudumu miaka. Mzee wa miaka sabini hucheza na mjukuu wake wa miaka minane katika mzunguko mmoja, kila mmoja kwa nguvu zake, na wote wawili wanatembea kilomita kadhaa bila kuhesabu. Viwanja vya mchezo huu vimeshapita 15,000 duniani, vingi vyao vikiwa Marekani, na sehemu kubwa sana havitozi kiingilio. Finland, Estonia na Iceland zimo mbele kabisa kwa wingi wa viwanja ukilinganisha na idadi ya watu wao. Wala si ajabu Finland kuwamo, nchi ambayo desturi yake ya kale humpa kila mtu haki ya kutembea msituni bila kumwomba ruhusa mwenye msitu, mradi asiharibu. Mchezo ulikuta huko watu ambao tayari waliamini kwamba ardhi ina matumizi yasiyopitia kwa mwenye hati.

Na lipo pato jingine ambalo halimo katika vitabu vya mhasibu. Bustani haiporwi mbele ya watu. Huporwa pale isipokuwa na watu. Kwanza huachwa taa zizimike, vichaka vikue, takataka zirundikane. Kisha husemwa kwamba pamekuwa pango la wahalifu. Kisha huzungushiwa mabati. Na siku mabati yanapoondolewa, jengo limekwisha simama. Mchezo wa bure huivunja hila hiyo katika hatua yake ya kwanza. Wanaokuja asubuhi na visahani mikononi ndio wa kwanza kuona nguzo mpya iliyochimbiwa usiku, alama ya rangi kwenye mti, au gari la wapimaji lililoegeshwa mahali lisipostahili. Hawalipwi ulinzi, wala hawajui kwamba ni walinzi. Serikali ya mji inayowalalamikia kwa kutolipa kiingilio inasahau kwamba inafanyiwa zamu bila mshahara.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na inatoka kwa watu wenye nia njema. Wanasema mchezo huu unaumiza bustani ile ile unayojidai kuipenda. Hoja hii isibezwe, kwa kuwa ina kweli ndani yake. Kisahani kinachopiga gome la mti mara mia kwa siku hulichubua gome, na mti uliochubuka hufungua mlango kwa wadudu na maradhi. Nyayo nyingi zinazopita njia moja huishindilia ardhi hadi ikawa ngumu kama sakafu. Mizizi ikakosa hewa, maji ya mvua yakashindwa kuzama, yakateremka na udongo. Mialoni ya California, ambayo mizizi yake mingi ya kunyonya imo karibu na uso wa ardhi, haistahimili kushindiliwa huko. Na zaidi ya miti wapo watu: mwenye kutembea na mtoto, mwenye farasi, mwenye kuangalia ndege, na yule ambaye hakuja kufanya lolote ila kukaa kimya chini ya kivuli. Huyu wa mwisho ndiye anayesahauliwa upesi kuliko wote, kwa kuwa hana chama wala mashindano wala fulana yenye nembo.

Lakini tazama hoja hiyo inaelekea wapi. Ikitumiwa kwa haki, haisemi mchezo ufukuzwe. Inasema mchezo ufundishwe adabu ya ugeni. Waswahili wameshaiandika sheria hiyo kwa maneno machache: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mchezo wa visahani umekwisha kaa katika bustani za umma siku nyingi kupita tatu. Na upewe jembe lake. Vikapu vihamishwe kila msimu ili ardhi ya chini yake ipumzike, jambo ambalo ni jepesi kwa kuwa kikapu hakina msingi wa zege usioondoleka. Chini ya miti mikubwa yatandazwe matandazo ya vipande vya mbao kulainisha kishindo cha nyayo. Mashina yaliyo kwenye njia ya visahani yakingwe kwa nguzo. Na juu ya yote, mtupaji angoje. Kama mpita njia yuko mbele, kisahani kibaki mkononi hadi apite, hata kama atapita polepole, hata kama amesimama kuangalia ndege. Sheria na desturi za mchezo zinaagiza hivyo, na mahali zinapofuatwa, wachezaji wenyewe ndio wanaookota takataka, kupanda miche na kuziba mifereji ya mmomonyoko. Mahali zisipofuatwa, mchezo umepoteza haki ya kuwapo, na asiwepo wa kuutetea.

Haifai, kwa upande mwingine, hoja ya miti itumiwe na yule ambaye kesho yake atakata miti yote ajenge maegesho ya magari. Kila mara mwenye uchu wa ardhi amejua kujivika joho la mtunza mazingira kwa mchana mmoja. Dawa yake ni swali moja: ukiwaondoa wachezaji, utawaachia nani mahali hapa? Akijibu kwamba atawaachia miti na watu wengine wote, na asikilizwe. Akianza kuzungumzia wawekezaji, afahamike.

Adui wa tatu wa uwanja wa bure hatoki nje. Yumo ndani ya mchezo, na ndiye wa kuogopwa zaidi kwa kuwa anazungumza kwa lugha ya mapenzi. Huyu amechoka kuchekwa. Anataka mchezo wake uheshimiwe kama gofu inavyoheshimiwa, na njia anayoiona ni kuufananisha na gofu: viwanja vya faragha, kiingilio, nyasi zilizonyolewa, kamba za kuwazuia watazamaji, na mabango ya wadhamini. Fedha si ngeni katika mchezo huu. Tangu 1979 palifanyika California shindano lenye zawadi za jumla ya dola 50,000. Mwaka 2021 bingwa Paul McBeth alitangazwa kutia saini mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya dola milioni kumi na kampuni ya Discraft inayotengeneza visahani. Hakuna wa kumhusudu. Mwenye kipaji ale jasho lake, na mwenye shamba lake akitaka kuweka vikapu na kutoza ada, shamba ni lake.

Ubaya unaanza pale heshima inapopimwa kwa kipimo hicho peke yake, hadi uwanja wa bustani ukaanza kuonekana ni wa wanagenzi na maskini, na uwanja wa kulipia ukawa ndio mchezo wa kweli. Hapo mchezaji wa bustani naye huanza kuona haya kwa kile kilichokuwa fahari yake. Halmashauri ya mji itakapokuja kusema kwamba vikapu vya bustani viondolewe kwa kuwa vipo vya kulipia nje ya mji, nani atabisha? Atakayebisha ni yule asiyekuwa na nauli ya kwenda nje ya mji, na sauti yake haifiki barazani. Mchezo uliozaliwa na vifuniko vya mabati utakuwa umejijengea lango, na kwa mikono yake mwenyewe utakuwa umerudia kisa cha mchezo ulioukopa jina. Headrick mwenyewe, pamoja na ufundi wake wa biashara na hataza zake, alianzisha chama cha wachezaji, PDGA, mwaka 1976, kisha katika miaka ya 1980 akakikabidhi kwa wachezaji wakiendeshe wao. Alijua kwamba kuna kitu cha kuuza na kuna kitu cha kuachia. Kisahani huuzwa, uwanja haukuwa wake kuuza.

Msomaji wa pwani anaweza kuuliza mambo ya bonde la California yanamhusu nini. Yanamhusu kwa kuwa vita hiyo ameshapigwa, na baadhi ya nyakati amepigana akashinda. Mwaka 1989 ilitangazwa Nairobi kwamba jengo la ghorofa 60 lingesimamishwa ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai akapinga kwa barua na kwa mahakama, akatukanwa bungeni, na mwishowe jengo halikujengwa. Mwaka 1998 na 1999 vita ikahamia msitu wa Karura, uliokuwa umemegwa kwa wajenzi. Wapandaji miti wakapigwa, msitu ukabaki. Lililotetewa Uhuru Park halikuwa mnara wala kaburi la shujaa. Lilikuwa ni haki ya mtu asiyekuwa na bustani nyumbani kwake kulala kwenye nyasi mchana wa Jumapili. Waliomcheka Maathai walimwambia kwamba nyasi hazina thamani, na walimwambia hivyo kwa sababu walijua thamani yake kwa shilingi.

Unguja nako, viwanja vya Mnazi Mmoja viko baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, mahali ambapo zamani maji ya bahari yalijaa na kupwa. Wakoloni walipapanga pawe utengano wa mji wa mawe na mji wa makuti. Vijana wa pande zote mbili wakapafanya mahali pa kukutania kwa mpira. Hakuna sheria iliyowapa ushindi huo. Waliupata kwa kuja kila jioni. Somo la Mnazi Mmoja na somo la Oak Grove ni moja, ingawa huku ni mpira na kule ni kisahani: uwanja hubaki wa watu kwa kutumiwa na watu, na mchezo wa bure ndio matumizi yasiyochoka.

Asiyeamini kwamba jambo hili ni zito, na arudi kwenye bonde lile lile. Tarehe 7 Januari 2025 ulizuka moto wa Eaton, ukauteketeza mji wa Altadena ulio ng'ambo ya pili ya Arroyo Seco. Majengo zaidi ya 9,000 yaliangamia, na miongoni mwake nyumba za familia za watu weusi waliokuwa wamenunua huko kwa vizazi, katika zama ambazo mitaa mingine haikuwauzia. Majivu hayajapoa, wanunuzi wakafika. Wenyeji wakachimbia mbele ya viwanja vyao vilivyoungua vibao vyenye maneno mafupi: Altadena haiuzwi. Watu waliopoteza paa, vitabu na picha za wazee wao waliona kwamba kuna kitu kimoja bado kingeweza kuibwa, nacho ni ardhi iliyo chini ya miguu yao. Katika miji iliyobanana, ambapo kila kipande kina namba na bei, kipande kisichouzwa ndicho kinachowakumbusha watu kwamba neno "hauuzwi" bado lina maana.

Headrick alifariki mwaka 2002. Kwa wosia wake, sehemu ya majivu yake ilichanganywa katika plastiki na kumiminwa visahani, ili aendelee kuruka baada ya kufa. Desturi hiyo itamshangaza msomaji wa pwani, ambako maiti huenda ardhini na dua humfuata. Lakini alichokiacha kikubwa zaidi hakimo katika visahani hivyo. Kimo katika ukweli kwamba miaka mingi baada yake mtoto asiyemjua wala asiyemdai aliweza kuingia chini ya mialoni bila kuulizwa jina lake, baba yake ni nani na ana shilingi ngapi, akatupa, akakosa, akaenda kuokota, akatupa tena.

Huo ndio urithi unaotakiwa kulindwa, Pasadena, Nairobi na Unguja. Anayetaka kuuza na auze kilicho chake. Uwanja si wake. Na wale wanaocheza humo wasingoje kuitwa kwenye mkutano wa halmashauri ndipo waseme. Waende mapema na kwa wingi, watunze miti, wampishe mpita njia, na kila wanapoona jiwe la mpaka limechimbiwa pasipo haki, wauulize mji wote kwa sauti: nani ameleta dalali?